Neno halikurudi bure: tangu kijiji cha Misri mpaka ufuko wa Tanganyika



Siku ya jubile watu huhesabu. Huhesabu miaka, huhesabu matofali ya kanisa, huhesabu majina yaliyoandikwa katika kitabu cha ubatizo. Hesabu hizo ni njema, kwani asiyehesabu hajui kushukuru. Lakini kuna swali moja ambalo hesabu haziwezi kulijibu: ni kitu gani hasa kinachomleta mtu kwa Kristu? Je, ni kitambaa na chumvi? Je, ni shule na dawa? Je, ni ukuta wa misioni unaomkinga mtu na adui zake? Au ni Neno la Mungu lenyewe, likisomwa na kusikiwa?

Swali hili si mchezo wa wenye elimu. Ikiwa watu waliletwa na kitambaa, basi siku kitambaa kitakapokwisha watarudi walikotoka. Bali ikiwa waliletwa na Neno, hata nyumba ikibomoka na mgeni akienda zake, imani yao itabaki. Kwa hiyo tumeona vema, katika kitabu hiki cha ukumbusho, kusimulia historia fupi ya namna Neno la Mungu lilivyotembea katika bara letu la Afrika, toka sikio hata sikio, mpaka lilipovuka na kufika katika nchi za ziwa Tanganyika.

I. Kijana aliyeingia kanisani

Tuanze Misri. Mnamo mwaka wa 251 alizaliwa huko mtoto, jina lake Antoni. Wazazi wake walikuwa wakristu wenye mali. Walipokufa, Antoni alikuwa kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, akaachiwa mashamba mazuri na dada yake mdogo wa kumlea. Miezi sita haijapita, siku moja aliingia kanisani akiwaza namna Mitume walivyoacha yote wakamfuata Bwana. Wakati ule ule ilikuwa inasomwa Evanjili ya Matayo, pale Yezu anapomwambia kijana tajiri auze mali yake, awape maskini, kisha amfuate.

Watu wangapi walikuwamo kanisani siku ile? Wote walisikia maneno yale yale, wakarudi kwao kula chakula. Antoni peke yake aliyasikia kana kwamba yametumwa kwake. Alitoka, akawagawia watu wa kijiji mashamba yake, akauza vyombo vyake, akawapa maskini fedha, akiweka kidogo tu kwa ajili ya dada yake. Siku nyingine akasikia tena Evanjili inayotukataza kusumbukia kesho, akatoa na kile kilichobaki, akamweka dada yake chini ya ulinzi wa mabikira waaminifu. Ndipo akaanza maisha ya sala, ambayo baadaye yalimpeleka jangwani. Aliishi miaka mingi sana, akafa mwaka wa 356, na wamonaki wa dunia nzima wanamwita baba yao.

Tena tuangalie jambo moja. Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, anatuambia kwamba Antoni hakupenda kujifunza elimu ya vitabu. Lakini alisikiliza masomo matakatifu kwa uangalifu mkubwa, hata hakuna neno lililoanguka chini. Akili yake ikawa ndiyo kitabu chake. Kwa hiyo, asiyejua kusoma asijidharau. Mkubwa huyu wa jangwa alipata imani yake kwa masikio.

II. Kitabu kinasafiri

Kitabu cha Atanasi juu ya Antoni kiligeuzwa katika Kilatini, kikavuka bahari. Kikafika mpaka mji wa Trier, katika Ujerumani ya leo, ambapo Kaisari wa Roma alikuwa anakaa. Siku moja, Kaisari alipokuwa akitazama michezo, watumishi wake wawili walikwenda kutembea bustanini karibu na kuta za mji. Waliingia katika nyumba ndogo ya watumishi wa Mungu, wakakiona kile kitabu. Mmoja wao alianza kusoma. Alipokuwa anasoma, moyo wake uligeuka. Akamwambia mwenzake kwamba taabu yao yote katika nyumba ya Kaisari inataka tu urafiki wa Kaisari, na urafiki huo wenyewe ni wa hatari. Lakini akitaka kuwa rafiki wa Mungu, aweza kuwa sasa hivi. Wote wawili wakaacha kazi ya serikali. Walikuwa na wachumba. Nao wasichana wale, waliposikia, wakamtolea Mungu ubikira wao.

Habari hiyo ilisimuliwa na mtu wa Afrika, jina lake Ponsiano, ndani ya nyumba moja ya Milano katika Italia, mwaka wa 386. Alikuwa amemtembelea mwana nchi mwenzake, mwalimu wa ufasaha. Mezani pa mwalimu huyo aliona kitabu. Alifikiri ni kitabu cha kazi yake ya ualimu, lakini alipokifungua akakuta ni barua za Mtume Paulo. Akafurahi, akaanza kusimulia habari za Antoni na za watumishi wale wawili. Mwalimu aliyemsikiliza alikuwa Agustino.

III. Mwenye elimu aliyekidharau Kitabu

Agustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mama yake Monika alikuwa mkristu wa sala. Alipokuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, akiwa mwanafunzi wa Kartago, kijana huyu alitamani hekima, akaifungua Biblia. Akaifunga. Aliona maneno yake ni ya kishamba, hayafanani na ufasaha wa waandishi wa Roma. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba kiburi chake kilikuwa kirefu kupita mlango, na Maandiko ni nyumba ambayo mlango wake ni mfupi; asiyeinama haingii.

Kwa muda wa miaka tisa alifuata dini ya Wamanikea, walioahidi kumweleza yote kwa akili bila kudai imani. Alifundisha Kartago, akaenda Roma mwaka wa 383, kisha Milano mwaka wa 384. Huko alimsikia Askofu Ambrosi akihubiri. Mwanzoni alikwenda kusikiliza namna ya kusema, si mambo yanayosemwa. Lakini, kama yeye mwenyewe anavyoshuhudia, maneno aliyoyapenda yalipoingia, mambo aliyoyadharau yaliingia pamoja nayo. Ambrosi alifungua kurasa za Agano la Kale zilizomkwaza Agustino, akaonyesha Kristu aliyefichwa ndani yake.

Halafu padri mzee Simplisiani akamsimulia juu ya Viktorini, naye mzaliwa wa Afrika, mwalimu mkubwa ambaye sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa Roma. Viktorini alikuwa amesoma Maandiko yote kwa uangalifu, akamnong'oneza Simplisiani kwamba yeye sasa ni mkristu. Mzee akamjibu kwamba hatasadiki mpaka amwone kanisani. Viktorini akamcheka, akauliza kama ni kuta ndizo zinazomfanya mtu kuwa mkristu. Lakini aliendelea kusoma, na kusoma kukamtia nguvu, mpaka akaona haya kumwonea Kristu haya. Akaja mwenyewe, akaikiri imani yake mbele ya watu wote, ingawa walitaka kumruhusu aifanye kwa siri.

Siku ile Ponsiano alipokwenda zake, Agustino alitoka bustanini akilia, kwani alitaka kuacha dhambi na hakuweza. Akasikia sauti ya mtoto toka nyumba ya jirani, ikirudiarudia kama katika mchezo, ikimwambia mtu atwae na kusoma. Akakumbuka Antoni na Evanjili iliyosomwa kanisani. Akarudi mbio pale alipoacha barua za Paulo, akafungua, akasoma kimya maneno ya kwanza yaliyokutana na macho yake: ni sura ya 13 ya barua kwa Waroma, panapotuonya tuache ulafi, ulevi na uasherati, tumvae Bwana Yezu Kristu. Hakuhitaji kusoma zaidi. Rafiki yake Alipio alitaka kuona, akasoma mstari uliofuata, unaoagiza kumpokea aliye dhaifu katika imani, akauchukua kuwa wake. Wakaingia ndani kumwambia Monika. Usiku wa Pasaka wa mwaka wa 387, Ambrosi aliwabatiza wote wawili, pamoja na Adeodato, mwana wa Agustino.

Tazameni basi mnyororo huo, ndugu. Evanjili ilisomwa katika kijiji cha Misri, kijana mmoja akasikia. Askofu akaandika; kitabu kikavuka bahari; watumishi wa Kaisari wakasoma; Mwafrika akasimulia; Mwafrika mwingine akafungua Paulo. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kati ya kanisa lile la kijijini na bustani ile ya Milano. Padri aliyesoma Evanjili siku ile mbele ya Antoni, bila shaka alikufa bila kujua alichokipanda.

IV. Neno si hirizi

Hata hivyo, tusikosee. Wako watu wanaotaka Biblia iwe kama dawa ya mganga: waiweke chini ya mto kusudi wasiote vibaya, au waifungue kubahatisha nani amewaroga. Historia hii haifundishi hivyo. Agustino yule yule alisoma Biblia katika ujana asiamini. Nguvu ya Neno si nguvu ya uchawi inayomkamata mtu bila yeye kutaka. Ni nguvu ya mbegu, nayo mbegu inahitaji udongo, mvua na mlimaji.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 8, chatuonyesha mwana wa bara letu, mkubwa wa hazina ya malkia wa Etiopia, akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake katika njia ya Gaza. Alisoma, lakini hakuelewa, wala hakuona haya kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi karibu naye, akaanzia andiko lile lile akamhubiria Yezu. Hakuanza kwa kumgombeza, wala hakumpa zawadi. Alianzia pale mtu alipokuwa anasoma.

Agustino naye alikuwa na Filipo wake: Monika aliyelia, Ambrosi aliyeeleza, Simplisiani na Ponsiano waliosimulia. Kulisadiki Neno si kuliacha peke yake barabarani. Ni kulipeleka kwa subira, na kukubali kwamba anayegeuza moyo si msomaji bali Roho Mtakatifu.

V. Kulisimulia Neno katika lugha ya watu

Agustino alipofanywa padri mwaka wa 391 huko Hippo, alimwandikia Askofu wake Valeri kumwomba muda wa kuyasoma Maandiko kwanza, kwani aliogopa kuwapa watu chakula asichokuwa nacho. Baadaye, akiwa Askofu, mnamo mwaka wa 400 shemasi mmoja wa Kartago, Deograsia, alimlalamikia kwamba anachoka kuwafundisha wageni wanaokuja kuuliza dini. Agustino akamwandikia kitabu kizima. Alimshauri awasimulie historia yote ya wokovu, toka uumbaji mpaka Eklezia ya siku zao, akikaa zaidi penye mambo makubwa, na yote ayaelekeze kwenye mapendo, ili anayesikia aamini, akiamini atumaini, akitumaini apende. Kila katekista angepaswa kulijua shauri hilo.

Agustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji wake ukizungukwa na majeshi ya Wavandali. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia. Hivyo, Neno lililomwanzisha ndilo lililomfunga macho.

Lakini hapa pana huzuni. Eklezia ile kubwa ya Afrika ya Kaskazini ilififia katika karne zilizofuata, hata ikazimika. Sababu zilikuwa nyingi: vita, mafarakano kati ya wakristu wenyewe, utawala mpya. Wenye kuchunguza historia huongeza sababu nyingine. Eklezia ile ilisali kwa Kilatini, lugha ya miji na ya wakubwa. Vijijini watu walisema Kipuniki na Kiberiberi, na hakuna Biblia ya lugha hizo iliyotufikia toka nyakati zile. Agustino mwenyewe alihangaika kutafuta mchungaji anayejua Kipuniki kwa ajili ya watu wa Fussala. Kwa upande wa Misri, Maandiko yaligeuzwa mapema katika Kikopti, lugha ya wakulima, lugha ya Antoni. Na Eklezia ya Wakopti ingali hai mpaka leo, ingawa imepita katika mateso mengi. Hatusemi kwamba jambo hili peke yake ndilo lililoamua yote. Twasema tu kwamba Neno lisilolala nyumbani mwa watu ni rahisi kufukuzwa.

VI. Kutoka Algiers mpaka ziwa

Na sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1867 Charles Lavigerie alifanywa Askofu mkuu wa Algiers, katika nchi aliyozaliwa Agustino. Mwaka wa 1868 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe. Mwaka wa 1878 msafara wao wa kwanza uliondoka Algiers kuelekea maziwa makubwa, na mwanzoni mwa mwaka wa 1879 wengine walifika Ujiji. Mwaka wa 1883 wakafungua Kibanga, magharibi ya Tanganyika. Mwaka wa 1885 wakapewa Mpala. Mwaka wa 1893 Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, karibu na Moba.

Ulikuwa wakati wa giza. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa wakichoma vijiji. Misioni ziliwakomboa watoto wengi, zikawakusanya watu nyuma ya kuta. Mwaka wa 1887 Bwana Léopold Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, alifika Mpala kuwalinda kwa silaha. Tusifiche ukweli: wengi walikimbilia misioni kwa sababu ya hofu na njaa, si kwa sababu ya Evanjili. Nani atawalaumu? Lakini ukuta huukinga mwili, hauugeuzi moyo.

Hapo twaona hekima ya Lavigerie. Alichukua desturi ya Eklezia ya zamani, akaagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne: miwili ya upostulanti, miwili ya ukatekumeni, isipokuwa katika hatari ya kufa. Wengine walinung'unika kwamba ni muda mrefu mno. Lakini mtu aweza kuvutwa kwa chumvi mwaka mmoja. Miaka minne yataka kitu kingine. Katika miaka hiyo watu walisikia, walirudia, waliuliza, walijaribiwa. Na mara nyingi aliyewafundisha kila siku hakuwa padri aliyetoka ng'ambo, bali katekista Mwafrika.

Kwenye ufuko wa pili wa ziwa, huko Karema, alifika mwaka wa 1889 Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za Timbuktu, aliyekombolewa katika utumwa akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Aliwatibu watu na kuwafundisha mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Dawa ilifungua mlango wa nyumba. Neno ndilo lililoingia na kukaa.

Na mbegu ikazaa. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Monsinyori Victor Roelens alimpadirisha Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo. Hazijapita hata miaka arobaini tangu watu wa msafara walipolala usiku wao wa kwanza Ujiji. Mwana wa nchi alisimama altareni na kuwasomea watu wake Evanjili.

VII. Deni letu

Ni lazima tuseme pia kwamba kwa muda mrefu wazee wetu walijua katekisimu kwa moyo kuliko Biblia. Walifundishwa Historia Takatifu, walisali rozari, waliishi mapendo. Lakini Kitabu chenyewe wengi hawakukishika. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, ukataka njia ya Maandiko ifunguliwe kwa wakristu wote, yageuzwe vema katika lugha zao, na kusoma kuende pamoja na sala. Tarehe 30 Septemba 2019 Papa Fransisko aliweka Dominika ya Neno la Mungu, Dominika ya tatu ya mwaka.

Nasi tulipewa neema ya pekee. Mpango wa Misa kwa majimbo ya Zaire, uliokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, unaweka toba baada ya Neno. Waamini huketi wakisikiliza Evanjili, kama watoto mbele ya mzee anayetoa shauri; ndipo baadaye huomba msamaha. Wengine hufikiri ni desturi ya nje tu. Lakini ni njia ya Agustino bustanini: kwanza alisoma, halafu dhambi ikaachia. Hatujisafishi kwanza ili tustahili kusikia. Twasikia, na Neno ndilo linalotusafisha.

Basi, katika jubile hii, tuulizane bila kufichana. Tunapoona vijana wetu wakihama kutafuta miujiza ya haraka, je, tutashindana nao kwa kelele na zawadi? Vita vinapotunyang'anya nyumba na mashamba, tutakimbia na nini mkononi? Ukuta tumeujua: umebomolewa mara nyingi. Kitambaa kimechakaa. Kilichobaki kwa wazee wetu, kilichowafanya wasali hata palipokosekana padri, ni maneno waliyoyatunza moyoni.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Kila shirika la mtaa lisome Evanjili ya Dominika kabla ya Dominika yenyewe, katika lugha ambayo bibi anaielewa. Msomaji wa kanisani aandae somo lake nyumbani, kwani hajui ni nani ameketi nyuma akingoja neno moja. Katekista asichoke kama Deograsia, na akichoka, asimulie tena toka mwanzo kwa mapendo. Labda Dominika ijayo, kati ya mamia watakaosikia na kurudi kula chakula, atakuwamo Antoni mmoja. Sisi hatutamjua. Yatosha kwamba Neno litakuwa limesomwa vizuri.